Mambo ya Waya

Novina, Iowa
20 Mei 1951

Emil,

Huku wote wazima: mama yako, mimi, na ng'ombe kumi na mmoja. Hofu ni kwako. Najua kila mtu huandika hivyo kwenye barua, lakini leo naomba uisome kwa maana yake.

Jana mmefungwa tena huko Carver, tisa kwa mbili. Katika michezo kumi na mitatu hiyo ni ya kumi na moja mnafungwa. Mzee Kubat wa duka la mikate humuuliza kila anayeingia kama anataka mkate au supu ya bata, maana timu ikiitwa Mabata halafu ikacheza hivyo, watu hawakosi la kuchekea. Sawa, kushindwa kupo. Wewe ndiye mtu wa kwanza wa Novina kulipwa kwa kucheza besiboli, na picha yako bado iko ukutani kwa Kubat, umeshika glavu na kucheka.

Ila nina neno na ile awamu ya tano. Mpira ulipita chini, kushoto kwako, nawe ukaufuata kwa kutembea. Wapinzani wawili wakazunguka mpaka nyumbani, pointi mbili, wewe ukiwa bado unautafuta kwenye majani, kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Mimi niliolewa na mtu aliyekuwa akimkimbilia hata kuku wa jirani. Sasa una nini?

Mkirudi Galesford kwenye uwanja wenu, pita nyumbani hata siku moja. Maili themanini si Ulaya.

Mkeo,
Lida


Millrace
26 Mei 1951

Lida wangu,

Nimeisoma hofu yako kwa maana yake, kisha nikaisoma mara ya pili kwa hasira.

Nilitembea? Mpira ule niliurukia mzima mzima nikala vumbi, na mpaka leo nikitafuna nasikia mchanga. Muulize Orville Tapp, mtupaji wetu ninayekaa naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyenitoa vijiwe kwenye kiwiko kwa kibano cha nyusi, huku akiniombea dua.

Kinachoniuma zaidi ni huyo aliyekwambia. Carver iko maili mia mbili kutoka kwetu na hakukuwa na mtu wa Novina hata mmoja pale uwanjani. Basi aliyekupelekea maneno yumo humu ndani ya basi letu. Nimeanza kuwatazama mmoja mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Jana nimemwona Orville akilamba stempu nikajiuliza anamwandikia nani, mtu asiye na mke wala mchumba. Nitajie jina, Lida, wala usimfichie siri.

Kuja nyumbani, tutaona.

Emil


Novina
3 Juni 1951

Emil,

Hakuna aliyeniandikia, mwache Orville wa watu na stempu zake. Nimesikia kwa masikio yangu mawili, na mama yako kwa lile lake moja zima. Ni Chet Maddox, redioni. Kila mkiwa ugenini anaanza vilevile: "Wapenzi wa Mabata, mchezo huu nawaletea kwa waya." Kisha tunasikia watu wanazomea, tunasikia gongo linavyoupata mpira. Mtu yuko pale pale anawatazama. Atadanganyaje mbele ya uwanja mzima?

Nimegundua na jambo jingine. Mkicheza Galesford, Maddox hana hadithi juu yako: umedaka, umetupa, basi. Mkisafiri ndipo unapotembea. Ndipo unapocheka na wapinzani, ndipo unapoinama kufunga kamba za viatu mpira ukiwa hewani. Kwa nini huko mbali tu, ambako sisi hatuoni?

Mzee Kubat ameshalisema mbele za watu. Mchezaji asiyekimbia, anasema, ana mtu aliyemwambia asikimbie. Picha yako kaigeuza, sasa inatazama ukuta. Mama yako alipomuuliza kwa ushahidi gani, akamjibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama hanunui tena mkate kwake. Anaoka mwenyewe, na mguu wake ule mbovu.

Kama umeuza michezo, niambie mimi kabla Kubat hajaniambia.

Lida


Galesford
11 Juni 1951

Mpendwa Bibi Lida,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi mumeo ni mzima na nakula vizuri.

Sijauza mchezo wowote, na ninashangaa kuulizwa. Kuhusu Maddox, hayo ni mambo ya waya, unajua mwenyewe. Usiyatilie maanani.

Samahani, sitaweza kuja nyumbani safari hii kwa ajili ya mazoezi. Mwambie mama asisimame sana. Mungu akubariki wewe pamoja na mifugo.

Mumeo,
Emil Vondra


Novina
18 Juni 1951

Emil,

Umekaa Galesford siku nane na hukutia mguu hapa. Badala yake nikaletewa barua na mtu nisiyemjua.

Tuna miaka sita ya ndoa. Hujawahi kuniita Bibi Lida. Hujawahi kunisalimu katika jina la Bwana. Mara ya mwisho ulipoingia kanisani padri alidhani umekuja kutengeneza paa. Na mwandiko si wako. V yako ina mkia kama wa nguruwe, hii imenyooka kama ya mwalimu wa kike. Nimeziweka dirishani barua mbili, ya Mei na hii, nikaita na mama. Mama akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Huyo mwalimu ana jina? Anakuandikia ukiwa umelala, au umekaa kando yake unamtajia maneno ya kunidanganya?

Halafu unaniambia "mambo ya waya" kana kwamba mimi ni mtoto. Waya hauna akili ya kutunga. Waya unaleta alichosema mtu, kama simu ya posta inavyoleta. Alhamisi Maddox kasema ulipokosa mpira ulitazama jukwaani ukampungia mtu mkono. Nani huyo?

Najiona mjinga nikiandika haya, na nimelia, nakwambia ujue.

Lida


Duquette
24 Juni 1951

Lida,

Umeona, nimeacha "Bibi". Hakuna mwanamke. Mwandiko umebadilika kwa sababu ya kalamu mpya. Sijampungia mtu mkono, sina mtu wa kumpungia huku.

Nikupe habari nyingine basi. Jana hapa kando ya ziwa ukungu ulishuka awamu ya saba mpaka mlinzi wetu wa nyuma akawa anapiga mluzi ili tujue yupo. Wakasimamisha mchezo dakika arobaini kamili. Tulikaa chini tumejifunika mablanketi, Pruitt, kocha wetu, akitutukana kwa zamu ili apate joto. Ukungu ulipoondoka tukafungwa kama kawaida.

Nivumilie mpaka Septemba, msimu uishe. Nitakueleza yote.

Emil


Novina
29 Juni 1951

Emil, au yeyote anayeshika kalamu hiyo mpya,

Njia ya mwongo ni fupi. Mchezo wa Duquette niliusikiliza mwanzo mpaka mwisho. Maddox kasema jua lilikuwa kali, watu wamejifunika magazeti kichwani. Hakuna ukungu. Wala mchezo haukusimama. Awamu ya saba mpigaji wao, Hutchins, aliupiga mpira pembeni, nje ya mstari, ukawa haukuhesabiwa. Akarudiwa, akaupiga pembeni. Akarudiwa tena, pembeni. Mama yako alikuwa ameanza kumenya viazi. Akamaliza beseni zima, akaviosha, akaviteleka, na Hutchins bado yuko pale pale anapiga pembeni. Nikasema huyu mtu hana mke anayemsubiri.

Sasa nauliza: ukungu wa dakika arobaini uko wapi katika hayo? Mmoja wenu ni mwongo. Wewe una sababu ya kudanganya, unaandikiwa na mtu na unamficha. Maddox sioni sababu yake.

Jumatatu Anna Hruska atanikamulia ng'ombe. Napanda lori la maziwa mpaka Galesford. Wewe hutakuwapo, najua, mko safarini. Nakwenda kwenye kituo cha redio wanipe hoteli anayolala Maddox huko mliko, nimwandikie, anieleze alichokiona kwa macho yake. Akiniambia ni kweli, usirudi Septemba.

Lida


Duquette
2 Julai 1951

Shemeji Lida,

Mwalimu wa kike ni mimi.

Jina langu Orville Tapp. Naandika hii bila Emil kujua, na nimeomba msamaha kwa Mungu kabla ya kuanza. Barua yako ya mwisho nimemsomea mimi, kwa sababu yeye tangu mwanzo wa Juni hawezi hata kufungua bahasha. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kimevunjika. Mpira ulimpata mazoezini siku ya mwisho ya Mei. Kila asubuhi namfunga kwa plasta na kijiti cha aiskrimu, nafunika kwa bandeji ndogo, Pruitt anaambiwa ni lengelenge. Ndiyo maana anatupa ovyo. Anadaka kwa kushoto vizuri kabisa, akitupa machozi yanamtoka na hasemi neno.

Pruitt mtu akiumia humwachisha siku hiyo hiyo. Emil anasema hawezi kurudi Novina ameachishwa, afadhali watu waseme ni mvivu. Nikamwambia si mvivu wanachosema.

"Mpendwa Bibi" ilikuwa yangu. Kwetu Arkansas ndivyo tulivyofundishwa. Nisamehe.

Orville Tapp


Novina
4 Julai 1951

Emil,

Leo ni sikukuu, watu wanalipua fataki, na mimi nimekaa jikoni na aibu yangu.

Nimekwenda. Kituo cha redio kiko ghorofani, juu ya duka la fanicha. Nikamwomba binti wa mlangoni anwani ya Bwana Maddox huko Duquette. Akanitazama, akasema Bwana Maddox yuko chumba cha pili. Nikasema haiwezekani, mchezo umeanza, nimeusikia redioni kwa dereva wa lori. Akasema ndiyo, mama, yumo anautangaza.

Kuna kioo, nikachungulia. Emil, amevaa sapatu. Mbele yake kikopo cha penseli na kisanduku cha jibini kimening'inizwa kwa uzi. Mtu wa telegrafu anampa kikaratasi, Maddox anakisoma, anakigonga kisanduku kwa penseli, na hilo ndilo gongo lenu. Watu wanaozomea wako kwenye sahani ya santuri. Nilisimama pale awamu nzima nikimsikiliza akieleza rangi ya mawingu ya Duquette, naye dirisha lake linatazama ghala la magodoro.

Mchezo ulipokwisha nilimkuta mlangoni. Hakukataa. Alinionyesha kikaratasi cha siku ile ya Carver, bado anacho. Kimeandikwa: *6, kosa, wawili nyumbani.* Sita ni wewe, ni namba ya mahali pako. Hakuna kutembea. Hakuna kucheka. Hutchins naye ni ukungu wako: waya ulinyamaza dakika arobaini, ikabidi apige pembeni mpaka urudi.

Nikamuuliza kwa nini wewe. Akasema, "Mama, timu ikishinda watu hawaulizi kitu. Ikishindwa wanataka kujua ni nani. Nisipowapa mtu wanazima redio."

Akaniambia sasa kwa kuwa ananijua, atakutengeneza. Kuanzia kesho utakuwa shujaa, Novina yote italia. Nikamwambia asome kilicholetwa, basi. Akacheka kwa huruma, kama unavyomcheka mtu wa shamba.

Na wewe ulidhani najua. Wote kwenye basi mnajua Maddox hasafiri. Hukufikiria kwamba sisi tunadhani waya unaleta sauti. Nami sikufikiria kuuliza. Mwezi mzima nimekuhukumu kwa penseli na kisanduku cha jibini.

Ila nina hasira pia, usidhani umepona. Najua habari ya kidole. Usimgombeze aliyeniambia, ana mwandiko mzuri. Uliona afadhali nidhani una mwanamke kuliko nijue una mfupa uliovunjika? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda kwa Pruitt mwenyewe, kwa miguu yako, mwonyeshe. Akikuachisha, uje. Nataka mume mwenye vidole.

Lida


Millrace
8 Julai

Lida

Nimemwonyesha. Akakitazama, akavua kofia, akanipa tiketi ya basi. Mwaka kesho tutaona, kasema, lakini hakunitazama.

Nafika Jumatano. Sijui nitapitaje mbele ya duka la Kubat.

Hii nimeandika kwa mkono wa kushoto. Mbaya, lakini ni wangu.

E.


Novina
13 Julai 1951

Shemeji Orville,

Emil alifika juzi. Daktari kamfunga mkono wote na kusema kidole kitanyooka, ila si sana. Mama yake alimtazama bandeji, akamwuliza kama njaa inauma zaidi au kidole, akampakulia bata na kabichi. Tukacheka sote watatu, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Jana mchana mama akafungua redio kwa mazoea. Maddox huyo: Mabata wako Millrace, jua zuri, na mlinzi wetu Emil Vondra anachezea kidole kilichovunjika, hajamwambia hata kocha. Sikumtuma. Nilimkataza, wala kidole sikumtajia; nadhani kakipata kwa waya Emil alipoachishwa. Yule kijana mgeni mliyemweka mahali pa Emil, kikaratasi kinamwita 6 vilevile, kwa hiyo Maddox akapata pa kupitia. Emil kakaa mezani na uji wake anajisikiliza akidaka mpira kwa kuruka, maili mia na zaidi kutoka kwenye kiti alichokalia. Mama akamtazama mwanawe, akaitazama redio, akauliza, "Sasa wangu ni yupi?"

Awamu ya nane Emil akasimama, akavaa kofia, akasema anakwenda kununua kolache, vile vimkate vyetu vya matunda. Nikamfuata. Sikutaka aingie peke yake.

Dukani walikuwa watu tisa au kumi wameizunguka redio ya Kubat, wametugeuzia migongo. Hakuna aliyegeuka. Kengele ya mlango ikalia, Kubat akainua mkono bila kutazama nyuma.

"Ngoja kidogo, ndugu. Vondra anapiga."

Emil akangoja. Alisimama kofia mkononi kama mteja yeyote, na naapa, shemeji, hata yeye alitaka kujua. Penseli ikagonga kisanduku. Vondra kaupiga mbali, kakimbia, kateleza na kidole chake, na Mabata wameshinda sita kwa tano. Wewe unajua ni nani aliyeupiga. Sisi hatujui hata jina la yule kijana. Watu wazima wakakumbatiana. Kubat alikuwa analia. Alijifuta kwa aproni, akaenda moja kwa moja ukutani, akaigeuza ile picha ikatazama duka, akapangusa kioo kwa mkono wa shati. Kisha akageuka kumhudumia mteja.

Redio ilikuwa bado inashangilia. Kubat akamtazama Emil, akaitazama picha, akautazama mkono uliofungwa. Mtu mmoja akanyoosha mkono taratibu akaizima.

"Kolache sita za plamu," Emil akasema.

Kubat akazifunga. Kamba ikamshinda, nikamfungia mimi. Akaanza kusema kitu juu ya picha, kwamba itakaa pale pale sasa, mbele ya watu, hakuna wa kuigusa.

"Irudishe ulivyoiweka, Mzee Kubat," Emil akamwambia, wala hakupaza sauti. "Ilipotazama ukuta iliona sawasawa na mlivyoona nyinyi."

Akatoka. Nami nilikuwa nyuma yake na mfuko wa kolache, na neno lile lilinifikia kama lilivyowafikia wao. Hakunigeukia. Tulirudi kwa miguu, akanielekeza mahali ambapo ua wa ng'ombe umelegea, akasema atautengeneza akipata mkono.

Kumwomba radhi uso kwa uso kumenishinda, shemeji. Nimejaribu jana wakati wa kula, nimejaribu leo kwenye zizi. Basi nimemwandikia, nikaiweka chini ya sahani yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe asije akauliza ni wa nani. Ameiona. Anaisoma sasa hivi, upande wa pili wa meza, na mimi najifanya nakuandikia wewe.

Shemeji yako,
Lida Vondra